Gari Lililokunywa Maji

Mwezi wa mwisho wa ujauzito wa mke wangu, nilikuwa naamka kabla yake na kwenda kufungua boneti. Gari letu lilikuwa kuukuu. Ndilo lililobeba nyanya na maharagwe yetu kutoka Rubondo hadi soko la Kaberebere, na sasa lilikuwa limeanza kunywa maji. Naijaza rejeta mpaka juu. Nikirudi kutoka sokoni, maji yameshuka. Usiku nilitandika katoni chini ya injini. Asubuhi katoni ilikuwa kavu.

Gari linalovuja unalielewa. Hili lilinitisha kwa sababu halikuacha alama yoyote. Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji, na damu nusura immalize mama yake. Daktari wa Mbarara alikuwa ametuonya: safari hii uchungu ukianza tu, tumlete moja kwa moja hospitali. Nikifumba macho naona mvuke unatoka kwenye boneti, na yeye ameketi kando ya barabara ya vumbi, ameshika tumbo.

"Papa, uko unaangalia gari kuliko mimi," mke wangu aliniambia asubuhi moja. Alicheka. Mimi sikuweza.

Nikalipeleka Ruti, kiungani mwa Mbarara, kwa fundi mmoja Mwislamu ambaye wauzaji wa mazao walimsifu. Aliacha injini ingurume huku kifuniko cha rejeta kiko wazi, akakodolea macho maji kuona kama yanatoa mapovu.

"Kama gasketi ya injini imekufa, maji inaingia ndani, tunafungua injini yote," alisema.

Injini ikifunguliwa, nani ajue itafungwa lini? Alinusa moshi wa nyuma, akachomoa kijiti cha oili, akakifuta, akakitazama tena.

"Ssebo, bwana wangu, mapovu hakuna. Oili iko safi."

"Basi maji inaenda wapi?"

"Hata mimi najiuliza."

Jibu hilo lilinivunja moyo kuliko kama angetaja ugonjwa mkubwa. Alimwaga maji yote, akajaza dawa ya rejeta yenye rangi ya kijani. "Pahali inatoka, utaona kijani," akasema.

Sikuona kijani popote. Nilipapasa mipira yote ya maji, nikalala chali chini ya gari mpaka mgongo ukauma. Dawa ilikuwa inapungua vilevile.

Kisha ikafika siku ya kumpeleka mke wangu kupimwa Mbarara. Mvua ilitupata njiani, tukafunga madirisha. Kioo cha mbele kikajaa ukungu kwa ndani. Nilipoufuta, vidole vilibaki na utelezi.

"Kiko kitu inanuka sukari," akasema.

Sikumjali. Miezi yote ile pua yake ilikuwa inagombana na sabuni, na makaa, hata na shati langu.

"Na muguu yangu inalowa."

"Ni mvua."

"Mvua gani, Papa? Madirisha yote imefungwa. Na hii maji iko moto!"

Nikasimamisha gari. Nilizunguka upande wake, nikainua mkeka wa mpira uliokuwa chini ya miguu yake. Zulia lilikuwa chapachapa. Alinipa leso yake nyeupe, nikaikandamiza pale. Ilitoka kijani.

Niliongeza maji, tukaenda polepole mpaka hospitali, na baada ya vipimo tukapitia Ruti. Fundi alipiga magoti mlangoni, akaingiza mkono chini ya dashibodi, akaguta: "Hita!" Akatueleza kwamba nyuma ya dashibodi imejificha rejeta ndogo, ambayo maji moto ya injini hupita ndani yake ili kuwapasha joto watu wa nchi za baridi. Hiyo ndiyo iliyotoboka, na zulia ndilo lililokuwa linakunywa. Kitufe chake sikuwahi hata kukigusa. Aliunganisha mipira miwili ili maji yarudi kwenye injini bila kupita kule.

Maji yakatulia. Mimi sikutulia. Kila asubuhi niliendelea kufungua boneti.

Uchungu ulimshika mke wangu mchana, akichambua maharagwe uani. Nilimkalisha kiti cha nyuma pamoja na mama yake aliyekuja kutusaidia, nikaondoa gari. Macho yangu hayakubanduka kwenye mshale wa joto.

"Angalia barabara!" akanifokea katikati ya maumivu.

Tulipita Kaberebere, mshale uko katikati. Tukaingia Mbarara, bado uko katikati. Hospitali walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu, wakampitisha mlango ambao mimi sikuruhusiwa, na askari akaja kunigombeza kwamba nimeacha gari linanguruma mlangoni.

Nililizima, nikarudi kuketi kwenye benchi na mama mkwe. Yeye alisali. Mimi niliutazama mlango ule. Pale hapakuwa na kifuniko cha kufungua nichungulie ndani.

Hatimaye muuguzi akatoka. Mke wangu alikuwa amepoteza damu, akasema, lakini si kama mara ile; anaongea, ananiulizia. Nyuma ya mlango mtoto wetu mpya, msichana, alikuwa analia kwa hasira, na mimi nikaanza kulia pale pale niliposimama.