Kali Ipi

Mume wangu kazi yake ni kupiga picha jangwa. Si ngamia wala machweo, mchanga. Analala kifudifudi juu ya tuta, lenzi nusura iguse ardhi, anapiga punje moja mpaka uone ina kona kama chumvi ya mawe. Mtaani wanamwita Punje, naye jina hilo analipenda kweli. Mimi ndiye ninayechapa picha zake katika chumba chetu cha mbele, na kwetu sisi picha ni za aina mbili tu: kali, yaani punje zinahesabika, au takataka.

Presha ya macho ilimwingia taratibu. Daktari hakuzungukazunguka: kilichokufa ndani ya jicho hakifufuki, matone ni ya kulinda kilichobaki. Njiani kurudi Punje akaniambia, "Mama watoto, siku picha isipokuwa kali, niambie. Naiacha kamera." Nikamwitikia, maana kuitikia hakuna kazi.

Basi picha zikaanza kutoka na ukungu. Kwanza pembeni, halafu zote. Nilimwambia aache kuzungusha lenzi kwa mkono, aiachie kamera ijirekebishe yenyewe.

"Mashine inichagulie punje?"

Ana kichwa kigumu huyu mtu, jamani. Nikikaa kwenye kompyuta naona moshi, naona mawimbi, mchanga sioni. Yeye kasimama nyuma yangu, kainama, hajui tofauti, kwa sababu siku hizi kila anachokitazama kina ukungu. Siku moja nilifungua mdomo nimwambie. Mpwa wake anayetuuzia picha, binti wa dada yake, akaniwahi kutoka mlangoni.

"Mjomba, hii kali. Yaani kali hatari."

Punje akanyoosha mgongo, uso ukamng'aa. Binti alimaanisha nzuri, ile kali ya vijana. Mwenzangu akasikia kali yetu ya kazini. Ningefanyaje mimi? Nikafunga mdomo, nikachapa.

Wateja wakaongezeka. Eti mzee ameacha uhalisia, sasa anapiga ndoto. Kila anayeingia ni kali, kali, na kila akiisikia anataka kurudi jangwani. Namshika mkono kupanda tuta, namwangalia akihangaika na lenzi, roho inaniuma, na la kufanya sina.

Kisha yakaja maonyesho. Mwalimu wa kuchora akasimama muda mrefu mbele ya picha kubwa kuliko zote.

"Kali sana, mzee. Ila nisaidie. Huu ni moshi au maji?"

"Ni mchanga," Punje akajibu.

Mwalimu akacheka kwa adabu, akidhani anataniwa. "Haya, mchanga. Uzuri wake ni kwamba hata hauonekani."

Punje akageuka upande wangu. Akanyoosha mkono, akapapasa hewani hadi akalipata bega langu.

"Mama watoto, hawa watu wanasema kali ipi?"

Nilimchukia yule mwalimu, nikayachukia yale matone, nikalichukia na hilo neno lenyewe.

"Ya vijana," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akauvua mkanda wa kamera shingoni, akanivisha mimi, akaurekebisha usinibane.

"Basi nieleze," akasema. "Nilipiga nini?"

Nikaanza na kona ya kushoto. Katikati sikufika, macho yangu nayo yakaingia ukungu.