Pua Yangu na Chupa Tatu

Jamani, ngojeni nicheke kwanza ndio niwaambie. Mimi ni mwalimu hapa Runyenjes, tena mzee wa kanisa, yule anayesoma matangazo kila Jumapili. Jumamosi alasiri rafiki yangu Njeru, anayefanya kazi kwenye baa kule Embu, alinijia na chupa tatu. Akaniambia mtu hajui kinywaji chake mpaka aonje bila kuona, la sivyo anakunywa lebo tu. Akanifunga macho kwa skafu ya mke wangu.

"Ya kwanza?"

"Jini. Inanuka sabuni. Ondoa!"

"Ya pili?"

"Ramu! Hii ni sukari nguru imevaa suti!"

Ya tatu, wiski, ilikuwa na moshi kama jikoni kwa nyanya yangu. Niliruka juu nikipiga makofi.

"Hii ndiyo yangu! Niongezee, Njeru, usininyime!"

Nikasikia Njeru akiiweka chupa chini. Mimi nikajua nimemshangaza, basi nikanyoosha shingo na kunusa tena, kwa madaha kabisa.

"Ngoja, kuna kitu kingine humu. Naftalini, ile dawa ya nondo! Aki Njeru, wiski yako inanuka sare za akina mama wa kanisa zikitoka kwenye sanduku!"

Mtu akakohoa mlangoni, na hakuwa Njeru. Nikaishusha skafu polepole.

"Ni sisi, mwalimu," akasema mwenyekiti wa akina mama, wenzake wakiwa wamejaa nyuma yake na sare zao na Biblia zao. "Si ulitangaza mwenyewe maombi ya leo ni kwako?"