Maneno Yaliyokwama Ndani ya Redio

Risasi ikiyeyuka ina harufu yake. Nasema risasi ya mafundi, ile laini ya kuunganishia nyaya, si ya bunduki. Inatoa moshi mwembamba, mtamu kidogo kama utomvu ulioungua, unaingia puani na kukaa huko. Juzi nilipeleka simu yangu kwa fundi, nimembeba mjukuu wangu wa kwanza mgongoni. Ndiyo, nimekuwa bibi kabla ya kuota mvi, na sioni aibu. Njooni mumtazame huyo mtoto halafu mniambie kama ningesubiri. Kijana wa simu akagusa kitu kwa ncha ya pasi yake ya kuyeyushia risasi, moshi ukapanda, na mimi nikawa sipo pale tena. Nikawa Buzuruga ya miaka ile ya tisini, nina miaka kama kumi, nimekaa juu ya kreti la soda, namsikiliza baba mdogo Shija.

Baba mdogo alikuwa fundi redio. Kibanda chake kilikuwa cha mabati, kimeegemea jiwe kubwa kama mtu aliyechoka, karibu na pale magari ya Musoma yaliposimama kuchukua watu. Mimi nilikuwa nakaa kwake ili nisome. Kusoma kwenyewe nilikusoma hivyo hivyo, darasa la saba nikaishia hapo. Shule yangu hasa ilikuwa lile kreti.

Kazi ya baba mdogo ilikuwa kulehemu. Nyinyi mtasema kuchomea, sawa, lakini yeye alipenda neno hilo, kulehemu, alilitamka kama mtu anayetafuna muwa. Na akiwa analehemu, mdomo haukulala. Hakuna kitu chini ya jua ambacho baba mdogo hakuwa na maoni nacho.

Wale waliokuwa wanaanika betri juani ili zipate nguvu aliwaambia, "Betri si dagaa." Wale waliopiga redio kofi ili iseme aliwauliza, "Na mkeo ukimpiga kofi ndiyo anaimba?" Enzi zile kila kitu kilikuwa ruksa, na vitu vilikuwa vinashuka mjini kama mvua: redio za plastiki zenye taa nyekundu na kijani, kaseti, saa za kupiga kelele. Alizishika zile redio mpya, akazitingisha sikioni, akasema, "Zimepambwa kama gari la bibi harusi, ndani hamna bibi harusi." Televisheni zilipoanza kusikika alisema zitafanya viti vyote vya nyumba vitazame upande mmoja, mgeni akifika atasalimiana na visogo. Hapo aliona mbali. Simu za mkononi alisema hazitafika popote, nani atakubali kubeba simu siku nzima kama anabeba mtoto? Hapo alipotea kabisa, Mungu amrehemu, lakini alipotea kwa sauti kubwa, na mimi nilimwamini.

Watangazaji aliwapima kama ng'ombe mnadani. "Huyu anapumua sana. Huyu anasoma karatasi, haongei na watu. Huyu, mama yake alimlea vizuri, sikia anavyotaja majina." Nilikuwa nawaambia wenzangu shuleni kwamba baba yangu mdogo anajua kila kitu. Si kwamba nilijisifu. Nilikuwa natoa taarifa.

Sasa, alikuwa na utaratibu wake mmoja ambao sijauona kwa fundi mwingine. Ukileta redio, hafungui. Anakutazama na kusema, "Igiza." Uigize inavyoumwa. Watu wazima, jamani! Mzee wa kanisa mwenye koti anasimama pale mbele za watu: "Inasema kwaaaa, halafu pwi, halafu kwaaaa." Baba mdogo amefumba macho. "Pwi ni ndefu au fupi?" Mzee anarudia pwi, watoto tumejiziba midomo. Ndipo anafungua, na mara nyingi kidole chake kinakwenda palepale penye ugonjwa. Alisema redio ikiwa mezani kwake ni maiti, haina la kusema. Aliyekaa nayo ikiwa hai ni mwenyewe.

Basi asubuhi moja ya Jumamosi alikuja mama kutoka Kamanga. Alikuwa amevuka ziwa na pantoni ya kwanza, akateremka mjini, akaulizia fundi mpaka akatufikia, miguu imejaa vumbi. Alikuwa amebeba kitu kifuani ndani ya khanga, amekikumbatia hivi, mimi nikadhani ni mtoto mchanga. Pale alikuwepo pia Mzee Kulwa, mshona viatu jirani yetu, aliyekuja kusikiliza habari za bure kama kawaida yake.

"Shikamoo mama," akasema baba mdogo.

"Marahaba. Wewe ndiye Shija?"

"Ndiye mimi."

Akafungua khanga polepole. Redio, ya zamani, ya mfuko wa ngozi. "Sijaizima tangu jana," akasema. "Imekufa yenyewe. Mimi nimeogopa kuizima. Nimesema nikiizima yatamwagika."

"Nini kitamwagika, mama?"

"Maneno. Yamekwamia humu. Nakuomba unitolee."

Mzee Kulwa akataka kucheka. Baba mdogo akamtazama, kicheko kikarudi tumboni. Kusema kweli mimi sikuona cha kuchekesha. Nami niliamini maneno yanaweza kukwama.

Akamvutia kigoda, mama akaketi, akaeleza. Ana mtoto wa kiume mmoja tu, Ngusa. Aliondoka kwenda Dar es Salaam kutafuta maisha, na tangu aondoke hakuna barua, hakuna mjumbe, hakuna lolote. Jana mchana mama ametoka shambani na mihogo kichwani, redio ameiacha inaongea peke yake kwenye kizingiti. Anafika uani, anasikia jina la mwanawe. Ngusa Maganga. Akatupa mihogo, akakimbia. Redio ikakwaruza, ikasema neno moja tena, ikazima.

"Neno gani?"

Mama akatazama chini. "Lehemu."

Nawaambieni, kibanda kizima kilipoa. Sisi watu wa Usukumani l na r tunazipika chungu kimoja. Mtu akisema malehemu hakuna wa kumcheka, wote tunajua amesema marehemu. Na wakati ule redio ya taifa ilikuwa na vipindi viwili ambavyo vilitaja majina ya watu wadogo kama sisi. Kimoja cha salamu, watu wanatuma kadi, zinasomwa. Kingine matangazo ya vifo. Salamu zimfikie fulani. Habari ziwafikie fulani. Ukiingia katikati, unasikia majina tu.

"Igiza, mama," baba mdogo akasema, taratibu sana. "Usiogope. Igiza vilevile mtangazaji alivyosema."

Akaigiza. Jina, mkwaruzo kwa koo lake, kisha "lehemu". Baba mdogo amefumba macho. Akamwomba arudie. Akarudia, huku anajipangusa machozi kwa ncha ya khanga.

Baba mdogo akafungua macho. "Kuna maneno mawili yanaishia hivyo," akasema. "Moja ni baya. Lingine ni kazi yangu hii." Akainua pasi yake. "Kulehemu. Mwanao alikuwa na ufundi?"

"Alipoondoka hakuwa na ufundi hata wa kufunga mbuzi."

"Basi lililosemwa ni lipi?" akarukia Mzee Kulwa.

Sote tukamtazama baba mdogo. Mama zaidi yetu. Nilikuwa nasubiri akunje paji la uso, aseme, kama alivyosema kuhusu betri na televisheni na watangazaji. Baba mdogo akaweka pasi chini.

"Sijui, mama."

Niliona haya, ninyi! Nilitamani jiwe lile lipasuke niingie. Mtu mwenye maoni mpaka ya hali ya hewa ya nchi za watu, leo kaulizwa neno moja mbele ya watu, hajui!

Mzee Kulwa akamvuta pembeni, lakini kunong'ona kwake kulikuwa kama kwa kuku. "Mwambie ni salamu, Shija. Arudi kwake roho imetulia. Unapungukiwa nini?"

"Na akikuta watu wamekaa matanga uani kwake?"

"Basi mwambie amekufa, aanze kulia mapema."

"Mzee, nenda kashone viatu."

Mezani kulikuwa na spika ya kwaya, lile tarumbeta kubwa, limeshapona linasubiri wenyewe. Baba mdogo akalibeba kichwani, betri ya gari akaikumbatia, mimi akanipa kipaza sauti. Mama akafuata na redio yake. Tukaenda barabarani magari yaliposimama. Akaunganisha nyaya, akapuliza, spika ikapiga yowe, mbuzi wakakimbia.

"Haloo. Ndugu wa Buzuruga. Hii si injili na wala si siasa. Jana mchana redio ya taifa imemtaja mtu anaitwa Ngusa Maganga. Aliyesikia aje hapa. Ambaye hakusikia abaki na shughuli zake."

Wakaja wote, waliosikia na ambao hawakusikia. Wa kwanza kujipenyeza alikuwa mpiga debe mmoja, jamaa aliyejua nauli ya kila mahali na siri ya kila nyumba. "Mimi hapa! Nimesikia kwa masikio haya. Huyo amefariki, fundi. Maziko leo."

Mama akakaa chini palepale kwenye vumbi. Wanawake wakaanza kushika vichwa.

"Igiza," akasema baba mdogo.

"Niigize nini?"

"Mtangazaji. Alivyosema."

Mpiga debe akakohoa, akavuta sauti ya huzuni. "Bwana Maganga anasikitika kutangaza kifo cha mwanawe mpenzi..."

Mama akainua kichwa kutoka chini. "Bwana Maganga yupi? Baba yake Ngusa tulimzika mtoto akiwa ananyonya."

Mmewahi kusikia watu wa barabarani wakizomea? "Toka hapo!" "Muongo mkubwa wewe, hata kifo unapigia debe!" Jamaa akajichomeka kati ya magari, hakuonekana tena mpaka jioni. Mimi sidhani alikuwa mbaya. Alikuwa mtu ambaye akiulizwa lazima ajibu.

Ndipo dada mmoja muuza maandazi akasogea, mikono imeganda unga. Huyu hakungoja kuambiwa.

"Mimi nilikuwa nakanda, redio iko dirishani. Hakikuwa kipindi cha vifo. Nimekikumbuka kwa sababu ya ng'ombe."

"Ng'ombe gani?"

"Ngoja nikuigizie." Akajinyoosha, akakimbiza maneno kama wale wa kadi wanavyokimbiza. "Kadi hii imetumwa naye Ngusa Maganga, fundi wa kulehemu, Dar es Salaam. Salamu zimfikie mama yake mzazi huko Kamanga. Ujumbe: mama, yule ng'ombe wa pembe moja usimwuze, nakuja kuoa. Halafu wakapiga muziki, na mimi nikacheka peke yangu, nikasema huyu ana haraka."

Baba mdogo alimgeukia mama, akamwachia yeye aamue.

"Wa pembe moja?" mama akauliza.

"Ndivyo alivyosema."

Mama akanyanyuka, vumbi limemshika mpaka mabegani. "Nilishamwuza!" akapiga kelele. "Mjinga huyu! Muda wote huo kimya, akifungua mdomo anauliza ng'ombe!" Huku analia, huku anacheka, akamshika dada wa maandazi wakazunguka naye, unga ukamjaa mgongoni. Watu wakapiga vigelegele barabara nzima. Gari la Musoma likachelewa kuondoka na hakuna abiria aliyenung'unika.

Tuliporudi kibandani, baba mdogo aliifungua ile redio. Betri zilikuwa zimevuja na kula bati, akapangusa, akalehemu kiwaya, akatia betri mpya, ikaongea. Mama akainama, akatega sikio karibu kabisa.

"Na yale maneno bado yamo?"

"Hapana, mama. Umeyachukua yote."

Akaridhika, akaifunga ndani ya khanga, akaenda kuwahi pantoni.

Nilikaa na ile haya yangu miaka mingi. Kila nikisimulia kisa hiki niliruka lile neno "sijui", nikasema tu baba mdogo alichukua spika akatangaza. Niliona namfichia aibu. Mpaka nilipokuwa mtu mzima, mama wa watu, na mwanangu wa pili akaumwa ugonjwa ambao haukuwa na jina. Nyumba ilijaa watu wenye majibu. Huyu karogwa, huyu ni meno, huyu mpe mizizi hii, huyu hafiki Jumapili. Kila mmoja alitoa lake, akanywa chai, akaondoka. Wengine walisema hawajui, wakanywa chai vilevile. Jirani mmoja tu ndiye aliyesema, "Mimi sijui, shoga, vaa viatu," akamnyakua mtoto mikononi mwangu na kutangulia mbele njia nzima mpaka hospitali. Mtoto huyo alipona.

Nikiwa nyuma yake, natweta, ndipo nilipomwona baba mdogo vizuri. Maoni yake ya betri na televisheni aliyatoa ovyo kwa sababu yakikosea hayamuumizi mtu. Hili la Ngusa lilikuwa mtoto wa mtu. Na mimi siku ile, kwa utoto wangu, nilisikia neno tu. Sikuona kwamba alipokuwa akilisema alikuwa tayari ameshasimama. Alitoka akaacha kibanda wazi, redio za watu zimelala vifua wazi mezani, pasi bado inafuka, hata mlango hakuusukuma.