Kuni za Msiba Nilizichomea Barabarani

Nimekosa. Nianze na hilo kabla hujaanza kunihurumia, maana habari hii ukiisikia nusu utadhani mimi ndiye mwonewa. Kuni za msiba wa mama mkwe wangu nilizichoma mimi, kwa mikono yangu, zote, na wala sikupikia hata kikombe cha chai.

Nakuambia wewe kwa sababu hunijui. Hapa Bujonde kila mtu anajua, na kila mtu ana namna yake ya kuniuliza habari za moshi.

Tulikuwa na pikapu nzuri. Haikuwa mpya, lakini asubuhi iliwaka bila kubembelezwa. Mimi na mke wangu, Mama Lusajo, tuliinunua pamoja kwa jasho la kokoa. Basi siku moja nikaona kwenye simu video ya mtu anaendesha gari kwa kuni. Petroli hakuna. Anatia vipande kwenye pipa, vinaungua polepole kwa hewa kidogo, moshi wake unapita kwenye mabomba, unapoa, unachujwa, unaingia kwenye injini, gari linakwenda. Niliitazama mara kumi. Kisha nikatazama mikokoa mizee niliyoikata shambani, imelala tu kwenye nyasi, nikajiona nimeula.

Tatizo, gari letu lilikuwa la kompyuta, na yule mtu alisema gari la kompyuta linasumbua kwa kazi hiyo. Tafuta la zamani, lenye kabureta. Mwenye akili angeishia hapo. Mimi nikaenda mpakani, nikampata mfanyabiashara mmoja mwenye ndugu Malawi, ana pikapu kuukuu ya bodi la mbao ambayo alikuwa anafugia kuku. Tukabadilishana. Aliniuliza kama nina uhakika, nikasema ndiyo, akataka kuuliza tena, akaona bora awashe gari letu aondoke.

Mama Lusajo nilimwambia baada ya mambo kwisha. Alilizunguka lile gari, akafungua mlango, akaokota yai kwenye kiti cha dereva.

"Baba Lusajo," akasema, "hili gari linataga."

Akaingia ndani.

Fundi wangu alikuwa mzee Ambakisye wa Bondeni, anayetengeneza majiko ya mkaa. "Gari na jiko tofauti yake ni magurudumu," aliniambia, nami nikaona nimempata msomi. Akakata pipa, akachomelea mabomba, na chujio akalijaza pumba za mpunga. Siku injini ilipopokea ule moshi nilitokwa na machozi, mengine ya furaha.

Na lilikwenda kweli. Hilo naomba uniachie. Lilikwenda mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, na kuku walilifuata kwa ajili ya pumba, lakini lilikwenda. Nikapita nalo mbele ya kituo cha mafuta mjini, nikawapungia mkono. Vijana wa pampu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Hasira zikanipanda, nikasimamisha gari, nikaapa mbele ya wateja wao kwamba petroli sitaigusa tena maishani mwangu.

Mvua za masika zilipokolea, mama mkwe alifariki kule Busale. Yule mama alinipenda. Siku ya posa ndugu zake walisema kijana huyu ana maneno mengi, yeye akasema mwacheni, ana akili. Sijui aliiona wapi.

Mama Lusajo ni binti yake mkubwa. Kwetu msiba ni wa wote, lakini upande wa mkwe unatazamwa kwa jicho lake: kaleta nini, na kakileta vipi. Mke wangu alitangulia kwa bodaboda, na kabla hajapanda alinishika mkono.

"Mchele upo, ndizi zipo," akasema. "Kuni ndiyo hakuna, zote zimelowa. Wanakutegemea wewe. Usiniaibishe kwa mama yangu."

Majirani wakatoa kuni kavu, zile za darini juu ya moto, ambazo mwanamke hampi mtu hivi hivi. Gari likajaa. Jirani mmoja akaandika karatasi ya kusomwa msibani, kama ilivyo desturi: Kuni, gari zima. Nikazifunika kwa turubai vizuri. Vipande vya mikokoa vya kuendeshea gari nilivitia kwenye viroba viwili, nikavifunga juu, nisivifunike.

Mvua ilitukuta kabla ya mjini. Viroba vikalowa chepechepe, na kuni zilizolowa zinatoa lami badala ya gesi. Gari likakohoa, likazima karibu kabisa na kile kituo cha mafuta.

"Tutie petroli kidogo tufike," akasema mzee Ambakisye, niliyemchukua kama mtaalamu.

Nikatazama kituoni. Walikuwa wale wale vijana, na walishaanza kutabasamu.

"Hapana. Tuchukue vipande vichache vya hizi kavu."

"Za msiba?"

"Vichache tu."

"Hizo zina mwenyewe, baba."

"Mwenyewe ni nani? Mkwe si mimi?"

Tukazipasua kwa shoka kando ya barabara, tukalilisha. Jamani, lilizipenda! Sijawahi kuliona likikimbia vile. Lakini barabara ilipoanza kupanda, kila mwinuko ukataka mzigo wake. Watembea kwa miguu walitupita, wakatusalimia "Mughonile" kwa adabu, wakaendelea na safari zao wakatuacha. Mimi najipa moyo kwamba mzigo ukipungua gari litakuwa jepesi. Na kweli, kadiri tulivyochoma ndivyo lilivyozidi kuwa jepesi, nami nikaihesabu hiyo kuwa faida.

Mwinuko wa mwisho nikamuuliza mzee zimebaki ngapi.

"Nne."

"Tutafika?"

"Sisi tutafika," akasema.

Tulipoingia msibani akina mama walikuwa wameshaosha mchele na kutega masufuria kwenye mafiga yasiyo na moto. Waliposikia gari wakainuka. Mama Lusajo alikuwa mbele yao, kanga kiunoni, macho yamevimba, na kwa mara ya kwanza siku hiyo, nadhani, alikuwa na cha kujivunia.

Baba yake mdogo akaipokea karatasi, akavaa miwani.

"Wakwe zetu wa Bujonde," akasoma kwa sauti. "Kuni, gari zima."

"Ndaga fijo!" watu wakashukuru kwa pamoja. Kisha wakatazama gari.

Hapo ningesema kweli ningebaki mtu. Nikasema tumeibiwa njiani.

"Na turubai wakalikunja?" akauliza yule baba mdogo, kwa sababu lilikuwa pale, limekunjwa vizuri.

Mke wangu alipanda nyuma ya gari, akafunua pipa, moshi ukampiga usoni. Akachungulia ndani, akanitazama, akachungulia tena. Kisha akachukua shoka lililokuwa pale pale na kuanza kupasua bodi. Akaanza na ubao wa nyuma. Wadogo zake wakapanda kumsaidia, na mimi nikasimama naangalia gari langu likinyonyolewa mpaka likabaki vyuma. Wali wa msiba ukaiva kwa mbao zile. Ulikuwa na harufu ya banda la kuku. Nililetewa sahani kama wengine, nikala, nifanyeje.

Nikadhani yameisha. Siku ya kuanua matanga wazee wakakaa kupanga shughuli ya arobaini. Huyu ng'ombe, huyu mchele, huyu ndizi. Walipofika kwangu yule baba mdogo alinitazama kwa upole kabisa.

"Wewe mkwe wetu usilete kitu. Njoo tu."

Heri angenitukana. Kwetu mkwe huombwa mpaka alalamike. Asiyeombwa kitu ni mpita njia. Mama Lusajo alikuwa amejikaza tangu mazishi. Aliposikia neno hilo akajifunika kanga usoni, akalia kwa sauti, na nilijua safari hii halii kwa ajili ya mama yake.

Basi wewe unayetazama video kama nilivyotazama mimi, gari la kuni ukitaka litengeneze. Linakwenda, nitakuelekeza hata mabomba. Ila ukiwa umebeba kitu cha watu, na njiani pana msaada lakini pana na watu wa kukucheka, simama uombe. Waache wacheke, kicheko kinaisha. Mimi nilikimbia kicheko cha vijana wawili, na leo mke wangu anapopeleka mchele kwao anaukodia bajaji. Huwa nainuka nimsaidie kupakia. Ananiambia kwa heshima zote, "Pumzika, Baba Lusajo," na gunia analibeba mwenyewe.