Mpira Katika Unyayo wa Kiboko

Enzi zile za kwetu Uvira, mtoto aliyerudi nyumbani jioni na magoti safi aliulizwa kama anaumwa. Tulishinda ufukweni tukifukuza ndege waliokuja kuiba ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizoanikwa mchangani, tukaruka kamba za maganda ya migomba, tukaogelea hadi vidole vikakunjamana. Harufu ya ndagala iliingia kwenye nywele, na masera, watawa wa misheni waliotufundisha darasani, walifungua madirisha yote kabla ya somo la kwanza. Kuongea Kiswahili shuleni ilikuwa kosa. Aliyekamatwa alivishwa kibao shingoni, na mimi nilikivaa mara nyingi hata kamba yake ikanizoea. Mchana tulikula ugali wa muhogo na sombe, majani yake yaliyotwangwa. Siku baba alipouza samaki vizuri tulipata samaki mukeke wa kuchoma na mchele wa Sange, na siku hiyo hakuna aliyehitaji kuitwa mara mbili. Wajukuu zangu leo huitwa mezani kwa simu, nao wako chumba cha pili.

Lakini kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni tereni, uwanja wa gofu.

Ilikuwa kati ya barabara na ziwa, nyasi zake zimekatwa fupi kama kichwa cha mwanafunzi. Wazungu waliitengeneza kwa ajili yao, na kila kiangazi walifanya hapo mashindano ya wazee wao. Vijana hawakuruhusiwa kushindana, ni wanaume wenye mvi tu. Walitoka Bukavu na Usumbura, suruali nyeupe, wake zao chini ya miavuli, nasi watoto tukichungulia kwenye uzio wa miyenzi. Tulishangaa kuona watu wazima, tena wakubwa wa ofisi, wakinyamaza kimya kwa sababu mmoja wao anataka kusukuma kampira kadogo ndani ya shimo.

Babu yangu, Kashindi, Mvira, alifanya kazi pale. Alibeba begi la fimbo za chuma nyuma ya mzungu mmoja mnene kwa miaka ambayo hakuna aliyeihesabu. Mwenzake alikuwa Ntahombaye, Mrundi wa bonde la Ruzizi, kutoka Luberizi. Huyu alikuwa katekista wa misheni, mrefu, na aliongea taratibu kama anasoma Injili hata akiwa anaomba chumvi. Wawili hao walibeba mabegi pamoja na kula kiporo pamoja, na hawakukubaliana juu ya kitu chochote duniani. Mvua itanyesha, haitanyesha. Samaki wa kukaangwa ni mtamu, hapana, wa kuchemshwa. Mpira wenyewe hawakuruhusiwa kuupiga. Babu alisema alikuwa akiota anaupiga, na bibi alithibitisha kwa kuonyesha alama ya teke kwenye muundi wake.

Halafu uhuru ukaja. Wazungu wengi wakaondoka kwa haraka, wengine wakiacha mbwa wamefungwa. Banda la gofu liliachwa wazi, mabegi ndani. Vijana wa chama walitaka kuligeuza ofisi, lakini babu na wenzake waliwahi kuchukua fimbo. Kiangazi kilichofuata walitangaza mashindano yao wenyewe, Kombe la Wazee. Sharti lilikuwa lile lile la mvi. Fundi mmoja wa viatu, ambaye ndevu zake zilikuwa bado nyeusi ti, alikuja amejipaka majivu kichwani. Jua lilipopanda, jasho likamchorea mistari usoni, akatolewa uwanjani kwa vicheko. Mshindi alibebwa mabegani na kutupwa ziwani na nguo zake zote, na hiyo ndiyo ilikuwa zawadi.

Bibi hakupendezwa. Alikuwa ameshapanda muhogo kwenye kona moja ya tereni na alisogeza mpaka wake kila msimu.

"Banaume bazima," alisema, "banakimbiza yai ya kuku mu majani. Ile udongo yote, na batoto banataka kula!"

Vijana wa chama nao walimsema babu, kwamba mchezo ule ni mabaki ya ukoloni. Mmoja alikuja hadi uani kumwambia. Babu alikuwa anashona wavu, hakunyanyua uso.

"Mutoto yangu, siku zote nilibeba begi ya mwingine," alisema. "Leo begi iko yangu. Weye unaita hii ukoloni, minye naita uhuru. Kila muntu na uhuru yake."

Mwaka ule wa uasi dhidi ya serikali, miaka michache baada ya uhuru, finali ilitakiwa kuwa kati ya babu na Ntahombaye. Walikuwa wamewaondoa wengine wote. Waliipanga siku, wakaanza kutukanana wiki nzima kabla, kwa heshima, kwa kupitia wapita njia. Kisha waasi wakashuka bondeni. Risasi zililia upande wa barabara ya Bukavu, askari wa serikali wakakimbia, na mji ukabadilika mikono. Shule ikafungwa. Tuliona vijana wenye majani kichwani wakipita kwa kuimba, na mama zetu wakatuita ndani. Watu waliofanya kazi na wazungu walianza kuficha vyeti vyao, na waliovaa miwani waliivua wasidhaniwe wasomi. Babu alichimba shimo nyuma ya jiko akafukia fimbo zake.

Ntahombaye hakufukia chochote. Siku iliyopangwa ilipofika, alivaa suruali yake iliyopigwa pasi, akaweka fimbo zake begani, akaondoka Luberizi kuja Uvira, akipita katikati ya vita kama mtu anayekwenda misa. Waasi walimkamata kwenye baryeri, kizuizi chao cha kuingilia mjini.

Habari ilitufikia kwa mama mmoja muuza muhogo aliyekuwa pale barabarani. Alifika akihema, akakaa chini kabla ya kukaribishwa.

"Bamemufunga Ntahombaye," alisema. "Bamemuuliza, unaenda wapi na ile machuma? Akajibu, naenda kucheza finali. Bakasema, muzee, iko vita, nani anacheza? Akasema, minye na Kashindi. Sasa banasema ile machuma iko ya kupeleka alama kwa Bazungu. Komanda amesema ataamua leo."

Tulijua neno kuamua lilikuwa na maana gani siku zile. Bibi alifunga mlango. Babu aliinuka akachukua jembe, akaenda nyuma ya jiko. Tulisikia akichimba.

"Kashindi, unachimba nini?" bibi aliita. "Habajui jina yako iko ya nani! Kaa!"

"Amesema, minye na Kashindi," babu akajibu. "Kama sitokei, yeye iko muongo. Batamuua juu ya uongo ambayo haiko uongo."

Bibi alilia, akamtukana, akamwambia mjane wa gofu hajawahi kuonekana Uvira nzima na yeye hataki kuwa wa kwanza. Alipoona babu anaendelea kufuta udongo kwenye fimbo, alifunga kitenge chake vizuri, akanishika mkono, akamfuata. Alisema baadaye kwamba alinichukua kwa sababu hawangempiga mwanamume mbele ya mtoto. Sijui kama aliamini hilo.

Komanda alikuwa amekaa kwenye baraza la duka moja lililofungwa. Alikuwa kijana, labda umri wa mjomba wangu mdogo, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Ntahombaye alikuwa chini, mikono imefungwa, shati limechanika, lakini suruali bado ilikuwa na mstari wa pasi. Alipomwona babu, hakumsalimu. Alisema, "Umechelewa."

"Niliambiwa iko vita," babu akajibu.

Komanda aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Weye ndiye Kashindi? Na hii machuma iko ya nini? Sema vizuri, muzee, minye nimechoka."

Babu alijaribu kueleza. Mpira, shimo, fimbo, mvi. Kadiri alivyoeleza ndivyo ilivyosikika kama uongo. Hata mimi, niliyekulia nikiiona gofu, niliona aibu. Mwishowe komanda alisimama. "Basi, mutaonyesha," akasema. "Kama iko muchezo, chezeni. Kama iko alama, nitaona."

Ndivyo finali ilivyochezwa. Ntahombaye alifunguliwa mikono, akaisugua, akaomba fimbo yake. Tuliingia tereni, wazee wawili mbele, waasi wenye bunduki na mikuki nyuma, kisha bibi na mimi, na kadiri tulivyosonga watu walitoka nyumbani mmoja mmoja, kwanza wakichungulia, kisha wakifuata. Nyasi zilikuwa zimekua. Viboko, kwa kuwa hakuna aliyewafukuza tena, walikuwa wakipanda kila usiku kula, na nyayo zao zilibaki kwenye matope kama sufuria zilizozikwa.

Mwanzoni wazee walipiga vibaya. Mpira wa babu uliingia kwenye muhogo wa bibi, na bibi, katikati ya hofu ile yote, alisema kwa sauti, "Usikanyage!" Lakini baada ya mashimo machache niliona mabega ya babu yakishuka. Aliacha kuangalia bunduki. Alikuwa anaangalia upepo. Ntahombaye naye alianza kunung'unika juu ya nyasi. Walifika shimo la mwisho wakiwa sawa.

Hapo mpira wa Ntahombaye ukatua ndani ya unyayo wa kiboko.

Alisogea, akainama, akanyoosha mkono auondoe.

"Wacha!" babu alipiga kelele. "Piga pale pale iko."

"Sheria ya Bazungu inaruhusu kutoa," Ntahombaye akasema kwa sauti yake ya Injili. "Muzungu yako mwenyewe alitoa. Nilikuwa pale, weye ulikuwa pale."

"Muzungu alikuwa mwizi! Ulimusema mwenyewe mwizi!"

"Nilisema mwizi wa mushahara. Ya mupira sikusema."

Wakabishana. Walibishana wakisahau kwamba mmoja wao muda mfupi kabla alikuwa amefungwa kamba, wakinyoosheana vidole usoni, hadi Ntahombaye akamgeukia kijana mwenye bunduki. "Komanda, weye iko na macho. Amua."

Neno lile lile, kuamua. Komanda alikuja taratibu, akachuchumaa, akatazama ndani ya unyayo kwa muda mrefu. Nadhani tangu vita ianze hakuna aliyekuwa amemwomba jambo kama hilo.

"Hii kiboko iko ya nani?" akauliza.

"Haiko ya muntu," babu akasema.

"Basi hakuna wa kumulaumu. Piga."

Ntahombaye alipiga. Matope yaliruka, yakamjaa kifuani, na mpira ukabaki ulipokuwa. Alipiga tena, ukatoka, ukaenda pembeni. Babu akasukuma wake ndani ya shimo, kisha akarusha kofia, akarusha mikono, akacheza ngoma ya wavuvi waliorudi na mitumbwi imejaa, mzee mwenye wajukuu, akizunguka bendera mbovu ya shimo la mwisho mbele ya jeshi zima. Sijawahi kuona mtu mwenye furaha vile.

Babu alimnyooshea Ntahombaye mkono, kama wachezaji wafanyavyo. Ntahombaye hakuupokea. Alimwelekezea komanda fimbo.

"Weye unajua vita," akamwambia. "Gofu haujui!"

Komanda alimtazama mzee yule aliyelowa matope. Midomo yake ikacheza kidogo, halafu akacheka, akacheka hadi akajifuta macho kwa mkono wenye bunduki, na vijana wake wakacheka, na sisi wote tukacheka kwa woga uliokuwa unatutoka.

"Nendeni," akasema. "Muntu haiwezi kudanganya hivi. Lakini machuma inabaki."

Walikwenda bila fimbo. Siku zilizofuata tulimwona komanda jioni kwenye tereni, peke yake, bunduki imelala nyasini, akijaribu kupiga. Alikosa karibu kila mara. Askari wa serikali waliporudi na mji ukapiganiwa upya, hatukumwona tena, na hatukujua alikozikwa.

Sisi tulikimbia kwa miguu hadi Ruzizi, tukavuka kuingia Burundi, tukiwa na sufuria moja na godoro. Ng'ambo ile hatukuwa na ndugu hata mmoja. Ntahombaye alikuwa ametangulia kwa dada yake, na aliposikia, alikuja kutupokea njiani. Alitupa chumba chake, yeye akalala jikoni. Alitupa maharage yake na maziwa ya ng'ombe wawili aliobaki nao. Tuliishi kwake hadi tulipoweza kurudi. Na kila jioni, baada ya sala, alisema, "Kashindi, ile kiboko..." na babu akajibu, "Piga pale pale iko," na wake zao wakainuka kwenda kuosha vyombo. Mkono ule wa finali hakumpa. Alimpa nyumba, chakula, blanketi, mkono hakumpa, mpaka alipokufa kwa uzee huko Luberizi, babu akiwa kitandani pake, bado wanabishana.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu mashindano makubwa ya gofu ya wazee, huko ng'ambo, wanaume wenye mvi na kofia nzuri. Mmoja alishinda, mwenzake akampa mkono upesi, wakatabasamu, wakaachana. Mjukuu akaniambia kwa fahari, "Bibi, unaona walivyo na adabu?" Nikamwambia naona. Tereni yetu leo ni nyumba tu, zimebanana hadi ziwani. Vijana wetu wakikosana kwa neno moja, mmoja anamfuta mwenzake kwenye simu kwa kidole, basi, na Mvira hamjui tena Mrundi wa bondeni isipokuwa kwa ubaya anaoambiwa. Nilitaka kumweleza kwamba sisi tulikuwa na wapinzani wa namna nyingine, wale ambao vita ikija unakimbilia kwao. Lakini alikuwa ameshageuza picha.