Uzi Mwekundu kwenye Mwasumini

Mjukuu wangu ana kazi ya ofisini, bandarini, kukaa kwenye kiti siku nzima. Siku ya mapumziko badala ya kupumzika analala kifudifudi uani kwetu Mji wa Kale, anapiga wadudu picha. Kamera yake hukuza mambo: mdudu mdogo kuliko punje ya mchele anatoka na macho manane na ndevu. Mimi niliyewafagia umri wangu wote, ndiyo kwanza naambiwa ni wazuri.

Juzi juzi alimpata buibui mweupe kwenye mwasumini wangu. Mweupe kama ua lenyewe, kajibanza humo anangoja nyuki. Alikuwa amefungia mayai ndani ya jani, na mjukuu akitaka picha ya watoto wakitoka. Akafunga uzi mwekundu pale.

"Bibi, tawi hili usilichume, tafadhali."

"Kwani mimi kipofu?"

Nami ndiye mtunga vikuba, vile vishada vya asumini wanavyojipamba navyo wanawake. Hadi wanawake wa Bondeni huja kwangu wakiwa na harusi, kwa kuwa maua yangu nayakagua moja moja, hayana mdudu. Hivyo ndivyo ninavyowaambia. Siwaambii kwamba siku hizi nakagua kwa vidole.

Alhamisi jirani akataka vikuba vya harusi. Baada ya alasiri nikachuma, nikiuepuka uzi kwa uangalifu mkubwa. Nikatunga, nikapanga kwenye sinia. Mjukuu aliporudi kazini akainamia sinia, akachomoa uzi mwekundu katikati ya maua.

"Ulifunguka wenyewe," nikasema.

"Fundo bado lipo, Bibi."

Akainua kikuba kimoja. Buibui yumo, katungwa baina ya asumini mbili, mzima, hana hata mkwaruzo. Nikangoja kilio. Yeye akaleta kamera, akanielekezea mimi.

"Fumbua macho. Usipepese."

Akanipa kioo cha kamera nitazame. Jicho langu, kubwa kama sahani.

"Kamera yako imeingia ukungu," nikamwambia.

"Ukungu uko jichoni, Bibi. Katikati kabisa. Tangu lini?"

"Tangu lini wewe unaniuliza mimi?"

Ubishi huo nimemfundisha mwenyewe, kwa hiyo hakuondoka. Akakaa chini, akakagua vikuba vyote kwa ile kamera, akatoa chungu wawili na kiwavi. Harusini, naambiwa, walisifu sana macho yangu.

Jani la mayai tulilipata kwenye kapu la taka. Akalifunga tawini kwa uzi ule ule, akamrudisha mama mtu hapo kando. Kila asubuhi naulizia kama watoto wametoka.

"Bado, Bibi."

Jumatatu napasuliwa jicho la kulia. Daktari alisema tungeweza kungoja hata mwezi ujao, hakuna haraka. Nikamwambia haraka ipo. Hakuuliza ya nini, na mimi sikuona haja ya kumtajia buibui.