Kaburi la Mjomba Kule Rotterdam

Nianze na mapazia, maana ndiyo yaliyoninyong'onyeza siku ya kwanza tu. Waholanzi hawana mapazia. Sisemi wanayafungua kidogo hewa ipite, hapana. Dirisha kubwa kama ubao wa darasani linatazama barabarani, taa zinawaka, na ndani watu wanaishi maisha yao yote mbele ya wapita njia. Jioni ile pale Utrecht, mji niliofikia, nilimwona baba mmoja na mkewe na watoto wawili wanakula viazi. Mimi nimelelewa Handeni. Huwezi kumpita mtu anakula ukakaza shingo kana kwamba hukumwona. Nikasimama, nikaweka mkono kifuani, nikainama kidogo. Watoto wakanipungia. Baba yao akabaki na uma hewani.

Mwenyeji wangu, mwalimu wa kike wa rika langu, akanivuta mkono wa koti.

"Usiwaangalie," akasema.

"Si wamefungua wenyewe?"

"Ndiyo, lakini watu hawaangalii."

Nikamuuliza, mtu anaonyesha mtaa mzima anachokula halafu hasemi karibu? Kwetu hata mwizi wa mbuzi akipita mlangoni wakati wa chakula ataambiwa karibu, na yeye atajibu asante nimeshiba, hata kama hajatia kitu tumboni tangu jana. Akacheka sana. Mimi sikucheka, nilikuwa bado namfikiria yule baba na uma wake.

Mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja ya Handeni, mwaka wa ishirini na tatu sasa. Kila mwaka nafundisha habari za Waholanzi walioikausha bahari wakalima juu yake. Shule yetu ina urafiki na shule moja ya kwao, na msimamizi wa urafiki huo ni mimi. Huyu mwenyeji wangu alishawahi kukaa kwetu wiki tatu, akala bada, ule ugali wetu wa muhogo, kwa mikono yake miwili, akajifunza Kiswahili cha kuombea maji na kushukuru; mengine yote tunazungumza kwa Kiingereza. Safari hii ilikuwa zamu yetu kwenda. Nikachaguliwa mimi, siku kumi, nitembezwe miji yao nikirudi niwasimulie wanafunzi.

Mama yangu hakuwahi kujali Uholanzi iko mashariki au magharibi. Lakini aliposikia jina la nchi hiyo aliweka ungo chini. Kaka yake, yaani mjomba wangu, aliondoka na meli bandari ya Tanga akiwa kijana, akawa baharia, akaishia Rotterdam, na hukohuko akafia. Siku aliyofariki, baharia mwenzake alitupigia simu kuuliza kama mwili usafirishwe. Tulikuwa tumekaa uani watu kama kumi, wote tukamtazama mama, kwa kuwa ndiye mkubwa aliyebaki. Mama akasema, "Mzikeni hukohuko. Ardhi yote ni ya Mungu." Yule baharia akachukua jina langu na sanduku la posta la shule, kwa sababu mimi ndiye msomi wa familia, akaenda kumzika. Baadaye ikaja picha moja ya udongo uliotuna na jiwe dogo, na nyuma yake namba ya kaburi imeandikwa kwa kalamu.

Tangu hapo ile kauli ilimkaa mama kooni kama mwiba. Kila ukitokea msiba kijijini, wanaume wakirudi na majembe kutoka makaburini, yeye husema, "Wenzangu wanazika. Mimi wangu nilimtupa."

Basi alinituma jambo moja tu.

"Nenda ukampalilie. Umsomee Fatiha. Halafu umwambie mimi ndiye niliyesema azikwe huko, si mtu mwingine. Mwambie anisamehe."

Nikamwambia sawa, mama. Ile picha nikaitia ndani ya pasipoti.

Siku za mwanzo nilitembezwa mpaka nyayo zikalia. Amsterdam niliona nyumba za matajiri wa zamani, nyembamba, zimeinamia barabara, na juu kabisa zina ndoano ya chuma. Nikauliza ndoano ya nini. Nikaambiwa ngazi za ndani ni finyu mno, kwa hiyo kabati na kitanda hupandishwa kwa kamba na kuingizwa dirishani. Tajiri anajenga ghorofa nne halafu kitanda chake hakipiti mlangoni! Madirisha mengine ya mji ule, yale ya taa nyekundu na wanawake ndani, sitayasimulia, mimi ni mwalimu na nina wakwe.

Na maji. Kila mtaa una maji, kila shamba lina maji. Ninakotoka, dumu la maji linapangiwa foleni tangu alfajiri, na hawa wenzetu wana pampu zinazofanya kazi usiku na mchana kuyatoa maji na kuyatupa. Walinipandisha juu ya tuta. Upande mmoja bahari, upande wa pili ng'ombe, na ng'ombe wako chini kuliko bahari. Nikashika kichwa. Miaka ishirini na tatu nimelichora jambo lile ubaoni kwa chaki ya bluu, na nilipoliona kwa macho nikajua kwamba sikuwahi kuliamini hata siku moja.

Nyumbani kwa mwenyeji ndiko nilikoshtuka zaidi. Nilipoingia chooni nikakuta kalenda ukutani, imeandikwa majina ya ukoo mzima na siku zao za kuzaliwa. Jina la mama yake mzazi, chooni, mkabala na uso wa mtu aliyechuchumaa! Nikatoka haraka nikidhani nimegundua ugomvi wa kifamilia.

"Kila nyumba inayo," akasema. "Unakaa pale kila siku, kwa hiyo husahau mtu."

Na mama huyohuyo anakaa mitaa mitatu kutoka pale. Nikasema twende nikamsalimie. Akafungua kitabu chake cha ratiba, akapitisha kidole. "Mama ana nafasi Jumanne ijayo, saa nane."

"Mama yako? Aliyekuzaa?"

"Ndiyo. Hapendi kushtukizwa."

Siku ya sita nikamweleza habari za mjomba. Alisikiliza vizuri, akafungua tena kile kitabu, akafuta kitu, akaandika. Alhamisi asubuhi tukapanda treni kwenda Rotterdam.

Nakiri kwamba makaburi yale yalikuwa mazuri. Niliyafikiria kama kichaka, nikiwaza nitapata wapi jembe. Kumbe ni bustani: miti mirefu, vijia vya kokoto, nyasi zimekatwa sawasawa, na kibibi mmoja amekaa kwenye benchi anakunywa kahawa kutoka kwenye chupa. Tukaenda upande wa Waislamu tukihesabu namba. Nilikuwa nimeshavaa kofia yangu, maneno ya mama nimeyapanga kinywani.

Kwenye namba ya mjomba kulikuwa na kaburi jipya. Jiwe jeusi linang'aa, maua, na jina la mtu mwingine. Nikageuza picha, nikasoma namba tena. Ni yenyewe. Nikadhani tumekosea mstari, tukazunguka mara mbili, tukarudi palepale kwa marehemu nisiyemjua.

Tukaenda ofisini kwao. Kijana mmoja mpole akatupa kahawa, akaandika jina la mjomba kwenye kompyuta, akasoma, akaanza kuzungumza na mwenyeji wangu kwa Kiholanzi. Nikaona uso wa mwenyeji wangu unabadilika.

"Mwalimu," akaniambia taratibu, "kaburi lake limeondolewa."

"Limeondolewa limepelekwa wapi?"

"Kaburi lilikuwa la miaka kumi. Ikiisha, ndugu wanaulizwa kama wanataka kuendelea nalo. Wasipojibu, mifupa inakusanywa, inawekwa pamoja na ya wengine. Mahali pale anapewa mtu mwingine."

Jamani. Nimeona mengi, nimezika wengi, lakini sikuwahi kusikia kaburi la kupanga. Chumba hupangwa. Meza ya sokoni hupangwa. Maiti anapewaje notisi? Nikasimama, sauti ikanitoka ile ninayoitumia kwa wanafunzi wa kidato cha nne. Nikawaambia nchi yao nzima wameinyang'anya bahari kwa nguvu, halafu wamekosa futi sita za kumwachia mtu alale? Mjomba wangu amewafanyia kazi kwenye meli zao miaka thelathini!

Mwenyeji wangu aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Babu yangu naye alishaondolewa." Alisema kama mtu anayekuambia kwamba paa limebadilishwa bati.

"Na mkakubali?"

"Hakuna aliyekuwa anakwenda tena."

Nilimchukia, Mungu anisamehe, mama wa watu aliyeniandalia chai kila asubuhi. Yule kijana akaona hasira zangu, akageuza kioo cha kompyuta nione mwenyewe kwamba walifuata utaratibu. Kwanza picha: kaburi la mjomba, lile jiwe dogo, na mbele yake kibao cha njano kimechomekwa ardhini. Mwenyeji akanitafsiria. Kibao kilisema ndugu wa marehemu huyu anaombwa afike ofisini. Kilikaa pale mwaka mzima.

"Na barua ilitumwa kwa ndugu," kijana akasema.

"Ndugu gani?"

Akashusha picha nyingine. Ilikuwa nakala ya barua yenye nembo ya simba juu. Chini ya simba kulikuwa na anwani. Jina langu. Sanduku la posta la shule yetu. Handeni, Tanzania.

Niliikumbuka palepale, hata siku ilipofika. Karatasi za Kiholanzi huletwa mezani kwangu mara kwa mara, kadi, majarida, ratiba za shule rafiki, na sisi hatujui Kiholanzi hata neno moja. Ile ilikuwa nzuri, karatasi nzito, na wale simba. Nikasema hii ni ya urafiki. Nikaibandika kwenye ubao wa matangazo katika ofisi ya walimu, kando ya picha ya kinu cha upepo. Nilikuwa nikiwachekesha walimu wageni: tazameni, nchi isiyo na simba hata mmoja inaweka simba kwenye barua.

Nikakaa chini. Kahawa ilikuwa imepoa. Mwenyeji akauliza kama najisikia vibaya, nikasema hapana. Kweli nyani haoni kundule.

Walitupeleka ukingoni mwa bustani, penye uwanja mdogo wa nyasi na jiwe moja lisilo na jina. Nilisoma Fatiha. Yale maneno ya mama nilishindwa kuyasema, maana hayakuwa yake tena. Nikapiga picha ya nyasi, tukarudi Utrecht.

Siku zilizobaki walinionyesha vyungu vya bluu vya Delft na chuo cha zamani cha Leiden. Nilitazama nikiitikia kwa kichwa kila nilipoambiwa jambo.

Niliporudi, nilishuka basi Handeni nikapitia shuleni kabla ya kwenda kijijini kwa mama. Ilikuwa Jumapili, ofisi haina mtu. Barua ilikuwa palepale, imepauka kwa jua la dirishani. Nikachomoa pini nne, nikaikunja, nikaitia mfuko wa shati.

Mama alikuwa uani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umemwona?"

Njiani nilikuwa nimepanga hadithi kadhaa, zote zikanikimbia. Nikamwambia kweli, lakini nikaanza na kweli iliyo upande wangu: kwamba Waholanzi wanapangisha makaburi, kwamba wamemfukua, kwamba kiliwekwa kibao cha kuita ndugu. Aliziba mdomo kwa kiganja.

"Kilikaa siku ngapi hicho kibao?"

"Mwaka."

"Mwaka mzima anaita." Akachukua hindi jingine. "Na watu hao, hata barua hawakuandika?"

"Wale hawana utu, mama," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Si wao. Wale wageni, wangemjulia wapi? Ni mimi. Mimi ndiye niliyesema abaki huko. Nitamwambia nini nikikutana naye?" Machozi yakaanza kumtoka, naye hakuyafuta. Mikono ilikuwa bado inazungusha gunzi, punje zinaanguka.

Ningeweza kunyamaza. Hakuna mtu kijijini anayejua Kiholanzi, na mwenyeji wangu hakuona anwani, au aliona akanisitiri. Lakini nilishindwa kumtazama akilia kwa ajili yangu. Nikaitoa ile barua, nikamwekea mapajani.

Mama hajui kusoma. Aliikunjua, akawaangalia wale simba, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele. Kidole chake kikapita pembeni, kona moja hadi nyingine.

"Mbona ina matundu?"

Nikamwambia. Nikamwambia ilifika kwa jina langu, nikaitundika ukutani kama pambo, na kwa mwaka wote ule kila asubuhi nilipita mbele yake na kikombe changu cha chai.

Akaikunja vizuri kufuata mikunjo yake ya zamani, akanirudishia.

"Mimi ningeuliza," akasema. "Mimi nisiyejua kusoma, barua ikija naulizaga imesema nini."